Kiti Kisicho na Alama

Mama yangu ana viti vya plastiki vya kijani, na chini ya kila kiti, mahali ambapo hakuna macho yanayotazama, kuna herufi M iliyochorwa kwa rangi nyekundu ya kupaka milango. M ya Mangobo, mtaa wetu, herufi ambayo mama aliiwahi kabla ya jirani yeyote. Hapa Kisangani mtu akifa, matanga yake hukusanya viti kutoka kila lupango, yaani kila kiwanja cha nyumba. Jirani anatoa vyake, kanisa linatoa vyake, hata yule mliyegombana naye juu ya mfereji wa maji machafu anatoa, maana ugomvi wa mfereji unasimama mbele ya maiti. Viti vyote vinachanganyika chini ya turubai moja na vinakaliwa na watu wengi kuliko samaki wa mto mzima. Matanga yakiisha, vinageuzwa miguu juu, na kila familia inaondoka na vyenye alama yake. Kisicho na alama hakiulizwi. Kinabaki kwa mwenye lupango.

"Njo sheria," mama husema, yaani ndiyo sheria. "Usilie juu ya kiti weye mwenyewe haukuandika."

Utoto wangu wote niliicheka sheria hiyo. Siku hizi nikiicheka, nacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Sheria ya viti ilitunyima kazi ya kompyuta, mimi pamoja na mwenzangu wa benchi, na kibaya zaidi ni kwamba kazi yenyewe tuliifanya vizuri.

Mimi ni mtu wa shule ya jioni. Mchana nilichaji simu za watu kwa jenereta iliyokohoa kuliko mgonjwa, jioni naoga, navaa shati yangu ya pekee yenye kola, nakwenda kusoma informatiki. Darasa letu lilikuwa na joto la kuivisha makemba, ndizi zetu za kupika, bila moto. Mbu walihudhuria vizuri kuliko wanafunzi. Kungekuwa na haki duniani, baadhi yao wangepata diploma. Tulikuwa na kompyuta chache za zamani, nzito, ambazo zikiwaka zilinguruma kama ndege inayotaka kuondoka Bangboka, na zikizimika zilizimika na roho zetu.

Benchi langu niligawana na binti wa fundi cherehani wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Mchana alimsaidia baba yake kushona sare za shule, kisha anapanda pirogi, anavuka, anafika darasani na uzi umemganda kwenye nywele. Aliniita yaya, mkubwa wake, kwa sababu nilimzidi umri kidogo, nami nilimwita leki, mdogo wangu, ingawa kwa akili alikuwa amenizidi vizuri. Tulipohitimu, mama alipika lituma ya ndizi za kupondwa na samaki wa kuweza kulisha jeshi lote la mkoa, na tukaapa mbele ya sufuria kwamba tutafanya kazi pamoja au tutakosa pamoja.

Mungu alisikia ile sehemu ya pili.

Kazi ilitoka kwa papa mmoja wa Makiso, mtaa wa katikati ya mji. Tulimwita papa, yaani baba, bila undugu wowote. Hapa kwetu kila mwanamume mwenye funguo za nyumba kubwa ni papa. Alikuwa amepata mkataba na wenye mabalenyeri, yale majahazi ya mbao yenye injini yanayopanda na kushuka mto kwenda Yangambi, Isangi, Basoko, yakiwa yamejaa watu, mbuzi, chikwangue za muhogo, magodoro na mabishano. Walitaka programu ya simu itakayomwambia abiria au mchuuzi chombo kiko wapi, ili watu waache kulala bichi, ndivyo tunavyoita bandari zetu ndogo, wakisubiri chombo ambacho bado kimekwama kwenye mchanga.

Papa alituweka katika chumba kilichokuwa zamani duka la dawa. Kilinuka dawa ya kikohozi mpaka siku ya mwisho. Tulikuwa na kompyuta moja, meza moja, viti viwili. Halafu siku ya kwanza kabisa, hata hatujaketi, akatuambia:

"Bana yangu, nawapenda bote bawili. Lakini mi iko na place ya mutu moja. Moja tu. Munafanya kazi, wenye mabateau banakuja kuangalia, na mutu mwenye kazi yake inaonekana, njo atabaki. Mwingine, bon, Mungu ni mukubwa."

Tukatazamana, mimi na leki. Kiapo cha sufuria kilikuwa bado kina harufu ya samaki.

"Sasa tutafanya namna gani?" nikamuuliza leki, papa alipokwisha kutoka.

"Tutafanya kazi," akasema. "Weye fanya ya kwako, mi nafanya ya kwangu. Na kila mutu aandike alama. Papa aone."

Ni lazima nieleze kazi yenyewe, nitaieleza kama ninavyomweleza mama. Sura ya programu ya simu inaandikwa vipande vipande katika lugha iitwayo XML. Unaiambia simu: hapa weka kadi, hapa weka kitufe, kadi iwe na upana huu, kitufe kiwe na rangi hii. Upana na rangi ni sifa ambazo simu inazijua tangu kuzaliwa. Lakini simu imezaliwa mbali, haijui balenyeri. Haijui kwamba chombo kinaweza kuwa njiani, kinaweza kuwa kimefika, au kinaweza kuwa kimeharibika injini karibu na Yanonge huku abiria wanapika kwenye ukingo kama vile wamehamia. Kwa hiyo unaitungia sifa yako mwenyewe. Unafungua faili moja, unatangaza: kuna sifa inaitwa hali, na maneno yake ni haya, na kila neno lina namba yake. Tangu hapo kipande chako kinaivaa sifa hiyo kama nguo yake ya kuzaliwa nayo.

Leki alitengeneza kadi, inayoonyesha jina la chombo, mahali kinapokwenda na hali yake, pamoja na kibandiko kidogo cha rangi kinachoirudia hali hiyo kwenye pembe. Mimi nilitengeneza kitufe kikubwa cha chini, ambacho mtu akikiona kijani anajua chombo kimefika na anaweza kukibonyeza kumwita mwenye chombo. Kila mmoja wetu alihitaji sifa ya hali. Nami nikaitangaza, naye akaitangaza, kila mmoja ndani ya sehemu yake, na mashine ikagoma. Haikubali jina moja litangazwe mara mbili. Iliandika mistari mirefu ya matusi mekundu.

Mtu mwenye akili angetafuta kwa nini inagoma. Sisi tulikuwa watoto wa matanga. Tulifanya kile ambacho kila mtu wa Kisangani angefanya akiona vitu viwili vinafanana ndani ya uwanja mmoja: tuliviandika alama. Ya kwangu ikawa hali ya M, ya Mangobo. Ya kwake ikawa hali ya L, ya Lubunga. Mashine ikanyamaza. Tukapongezana. Baada ya hapo tukapata moto wa kuandika alama ambao haukuzimika: rangi ya M, rangi ya L, ukubwa wa M, ukubwa wa L, mpaka pembe za mviringo zikawa na mtaa wao. Ile faili ilijaa herufi kama uwanja wa matanga ya chifu.

Na tusilaumiwe bure. Kompyuta ilikuwa na akaunti moja, aliyoifungua papa kwa jina lake. Katika historia ya kazi, kila mstari ulioandikwa ulikuwa na jina la papa, mtu ambaye mbele yangu hakuwahi kuandika kitu kirefu kuliko namba ya siri ya simu yake. Bila zile herufi, mtu angefungua kazi yetu na kudhani papa ni jabali la programu. Herufi ndizo zilikuwa mashahidi wetu wa pekee.

Tukaijaribu programu kwa watu wachache, na wa kwanza, bila shaka, alikuwa mama yangu.

Mama anauza samaki wanaotoka Yanonge, kwao alikozaliwa. Asubuhi hiyo alifungua programu, akaona kitufe changu kikubwa kimewaka kijani: imefika. Akaita wateja wake, akapakia mabeseni kwenye toleka, zile baiskeli zetu za kubeba watu, akaondoka na msafara wa wanawake wengi kuliko wa kwaya mbili. Walifika bichi. Hapakuwa na chombo. Jua lilikuwa linapiga mpaka vyura walitafuta kofia. Walikaa pale asubuhi yote na mchana wote, na wateja wakaondoka mmoja mmoja wakimrushia maneno, wengine wakaenda kununua kwa mpinzani wake, mwanamke ambaye mama hamtaji mpaka ateme mate kwanza.

Aliporudi alipitia moja kwa moja kwenye ofisi yetu. Aliweka beseni tupu juu ya meza, juu ya karatasi zetu.

"Weye mutoto," akaniambia, "simu yako inasema imefika. Mi nafika kule, naona maji tu. Maji! Unataka niuze maji?"

"Mama, ngoja niangalie…"

"Uangalie nini? Batu bote banacheka: mama wa ingénieur anangoja bateau ya mizimu!"

Leki alikuwa amechukua simu ya mama. Akainyoosha mbele yangu. Kitufe changu kilisema chombo kimefika. Juu yake tu, upana wa kidole, kadi ya leki ilisema chombo hichohicho kiko njiani. Chombo kimoja kilikuwa na hali mbili kwenye kioo kimoja.

Tukafungua ile faili. Haikuhitaji hekima kubwa. Katika sifa yake, leki alikuwa amelipa neno njiani namba ya kwanza. Katika yangu, mimi nilianza na imefika, kwa sababu mimi ni mtu wa kutazamia mema. Mtu wetu wa Yanonge, anayetutumia habari za vyombo kwa simu, akituma namba moja, kadi inaelewa hivi na kitufe kinaelewa vile. Kila alama ilikuwa na ukweli wake, na mama yangu alikuwa amekaa juani katikati ya kweli hizo mbili.

"Bon," nikasema, "mimi nitabadilisha namba zangu zifanane na zako."

Leki akatikisa kichwa. "Na kesho ukiongeza neno jipya, mi nasahau kuongeza. Tutarudi palepale."

Mama bado alikuwa amesimama, anapepea uso kwa mfuniko wa beseni.

"Yaya," leki akaendelea, polepole, kama mtu anayefuata uzi gizani, "papa yangu, mutu akikuja kushona, anamupimaka mara moja. Kifua, mabega, kiuno. Hapimi kifua ya shati, kisha kifua ya koti. Kifua haiko ya shati. Iko ya mutu."

"Sasa?"

"Sasa hali haiko ya kadi. Haiko ya kitufe tena. Iko ya bateau."

Sijui kama nimeeleza uzuri wa jambo hilo. Tulitafuta, tukakuta mashine ilikuwa inaruhusu siku zote: sifa unaweza kuitoa nje ya sehemu za vipande, ukaiweka juu kabisa ya faili, ukaitangaza mara moja tu, na maneno yake na namba zake. Chini yake, kadi inaitaja kwa jina tu. Kitufe kinaitaja kwa jina tu. Kibandiko vilevile. Hakuna anayeitangaza tena, wote wanaitumia. Ukiongeza neno moja pale juu, vipande vyote vinalijua papo hapo. Ukibadilisha rangi moja pale juu, programu nzima inageuka kama kundi la ndege.

Lakini pale juu hapana mahali pa kuweka herufi ya mtu.

Leki aliliona kabla yangu. Aliondoa mikono kwenye kibodi na kuiweka mapajani.

"Tukitoa M na L," akasema, "papa atajua namna gani kazi iko ya nani?"

"Atatuuliza."

"Na akiuliza?"

"Tutasema ya wawili. Kama anataka mmoja, achukue msumeno apasue katikati."

Hakucheka. "Yaya, mi niko natafuta hii place. Cherehani ya papa yangu imezeeka, macho yake pia."

"Na mimi je, sitafuti? Jenereta yangu imekufa kifua kikuu."

Hapo ndipo mama, ambaye hakujua XML ni mnyama gani lakini herufi alizisikia vizuri, alipoingilia. "Munataka kufuta alama?"

"Ndiyo mama."

"Juu ya nini?"

"Ili usikae tena juani bure."

Mama akafikiri. Akachukua beseni lake, akaligeuza kutazama M iliyo chini yake, kama anavyofanya kila siku, akasema, "Mimi nashukuru. Lakini kiti bila alama, munajua inabakiaka wapi." Akaondoka.

Tulijua. Tulifuta hata hivyo, na sijutii hata nukta moja. Tulikaa pamoja mbele ya kompyuta ile, tukatoa M na L popote zilipokuwa, kuanzia hali, kisha rangi, kisha ukubwa, kila kitu cha pamoja tukakipandisha juu. Ile faili ilipungua kama mtu aliyetapika nyongo. Ilikuwa fupi na safi. Ningeweza kuikariri kanisani. Siku iliyofuata mama aliona neno lile lile mahali patatu, njiani, njiani, njiani, akabaki nyumbani, na chombo kilipofika aliona imefika mahali patatu, akaenda akakuta samaki bado wanaruka. Nimepata furaha kadhaa maishani. Ile ilikuwa safi kuliko zote.

Siku ya kuwaonyesha wenye mabalenyeri, papa alikodi projekta ya kumulika ukutani na akatuagizia soda. Walikuja wazee wenye matumbo ya heshima, wamevaa saa zinazong'aa kuliko taa. Leki alielezea, mimi nilibonyeza. Tukampigia mtu wa Isangi atume habari mbele yao, na ukutani kadi, kitufe na kibandiko vikageuka rangi kwa mpigo mmoja. Mzee mmoja alipiga meza mpaka soda zikamwagika.

"Hii simu inajua bateau yangu kuliko bibi yangu!"

"Bibi yako anajua," mwenzake akamjibu, "anakunyamazia tu."

Kicheko kilikuwa cha kubomoa paa. Nilimtazama leki, naye alinitazama, na nilijua kwamba hata kama papa atamchagua yeye, nitacheza ngoma barabarani.

Papa alisubiri kicheko kitulie. Kisha akataka tufungue zile faili ukutani, aone kazi ya ndani, kwa kuwa alikuwa amesikia habari za herufi zetu na alitaka, mbele ya wazee, kuonekana mwenye kuelewa.

"M iko wapi?" akauliza. "Na L iko wapi?"

"Hamuna tena, papa," leki akajibu. "Tulitoa."

"Nani alitoa?"

"Sisi bawili."

"Sasa hii ya juu, yenye inaendesha yote, iko ya nani?"

Hapo nikajibu mimi, kifua mbele kama jogoo wa askofu. "Iko ya bateau, papa."

Papa akatabasamu. Nalikumbuka tabasamu lile vizuri, lilikuwa la mtu aliyeokota kitu njiani na kutazama nyuma kama kuna anayekitafuta.

"Bon," akasema. "Bateau haiombake kazi."

Wazee wakacheka tena, na sisi, kwa adabu, tukacheka nao.

"Kama haiko ya huyu wala ya huyu," papa akaendelea, akiwageukia wazee, "donc basi iko ya nyumba." Akajipiga kifuani kidogo, kuonyesha nyumba ni ipi. Wakampigia makofi.

Jumatatu tulikuta mtu ameketi mbele ya kompyuta. Alikuwa mwana wa dada yake papa, ametoka Kinshasa, na viatu vyake vilikuwa na ncha ndefu hivi kwamba viliingia mlangoni kabla yeye hajaamka kitandani. Alitusalimia vizuri, mbote, mbote, kijana wa adabu. Sina ubaya naye. Ubaya wangu niliuweka wote akiba kwa mjomba wake.

"Huyu njo atashika programu," papa akasema. "Bana yangu, munamuonyesha kidogo, kisha tutaona namna ya kuwasaidia."

"Na ile place, papa?" leki akauliza.

"Place ilikuwa ya mutu mwenye kazi yake inaonekana. Nilisema hivyo, hapana?"

"Ulisema."

"Onyesha mimi ya kwako."

Leki alitazama kioo. Ile faili ilikuwa imefunguliwa, fupi, safi, haina mtu. Hata ukiingia kwenye historia ya kazi, mistari yote ilisema jina la papa.

"Tonton," yule kijana akasema kwa aibu, "mi naweza kungoja…"

"Weye nyamaza, fanya kazi."

Nasi tukamwonyesha. Ndiyo, tulimwonyesha! Leki alivuta kiti, akamweleza kila kitu kwa uvumilivu, kwa nini hali iko juu, kwa nini hakuna kipande kinachoitangaza tena, rangi ziko wapi, ukitaka kuongeza neno unaliongeza wapi. Kijana alielewa kabla ya chakula cha mchana. Kazi iliyofanywa vizuri ina ubaya huo, mgeni anaikalia siku hiyohiyo. Tungeiacha na herufi zake zote, na kweli zake mbili mbili, angetuhitaji mpaka tuzeeke.

Tulipotoka, leki alikwenda moja kwa moja kwenye pirogi. Aliinua tu mkono kutoka katikati ya mto, na mimi nilisimama ukingoni nikiwa na maneno mengi ya kumchekesha ambayo hakuna hata moja lililokuwa na kazi.

Sasa ninatengeneza simu sokoni, chini ya mwavuli. Leki alipata kazi Bangboka, kwenye uwanja wa ndege. Anafunga lebo kwenye mizigo ya wasafiri. Alipoanza alinipigia simu.

"Yaya, kila sanduku naandika jina. Naandika mpaka vidole binauma. Hakuna sanduku itapotea kwangu."

"Na lisilo na jina?"

"Haipandi ndege."

Tulicheka mpaka salio la simu likaisha, na lilipoisha niliendelea kukaa na simu sikioni.

Wenye mabalenyeri baadaye walitaka kijani kiondolewe, kiwe bluu, rangi ya bendera za vyombo vyao. Yule kijana alifungua ile faili, akabadilisha mstari mmoja pale juu, na programu yote ikageuka, kadi, kitufe, kibandiko, kila mahali. Mteja mmoja sokoni alinisimulia jinsi papa anavyoitangaza habari hiyo Makiso nzima. Asubuhi moja, ndugu yangu! Mtoto wa dada yake alibadilisha programu nzima kwa asubuhi moja, na wale wawili wa kwanza walikuwa wamekaa miezi wanakunywa soda! Mteja alisema kijana huyo ni hatari kweli. Nilimjibu kwamba ni hatari kabisa, nikamrudishia simu yake ikiwa imepona.

Siku hiyo niliacha mwavuli mapema nikaenda bichi kumsaidia mama. Wanawake walikuwa wachache, wametulia, simu mikononi. Hakuna anayekuja kabla ya wakati siku hizi. Mmoja alinisukuma kiwiko. "Ona, imekuwa bluu," akasema, kama vile mimi mgeni. Nikaona. Ilikuwa bluu mahali patatu, na neno lilikuwa moja.

Simu yangu ikalia. Leki, kutoka Bangboka, nyuma yake kelele za mizigo.

"Yaya, umeona? Bamebadilisha rangi."

"Nimeona."

"Kibandiko pia?"

"Pia."

"Na kitufe? Haikubakia kijani pembeni?"

"Haikubakia. Pahali pote, mara moja."

Nilisikia mtu anamwita, anataka lebo.

"Donc ilikuwa muzuri," akasema.

"Ilikuwa muzuri, leki."

Chombo kilipinda pale kwenye ukingo, kwa wakati wake, kimejaa. Wanawake wakasimama. Mabeseni yote yalikuwa yamerundikwa pamoja mchangani, ya bluu, ya njano, yanafanana kama mapacha, nami nikainama kuchukua la kwanza lililokuwa karibu.

"Hapana ile," mama akasema nyuma yangu. "Geuza kwanza, angalia chini."

Nikageuza.